Zenoni Anakuja kwa Pikipiki

Buffalo, New York
Jumapili, 11 Oktoba 2015

Dada Margareta,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, miguu imepumzika, na yule jirani wako wa juu ameacha kuburuta viti. Sisi huku West Side tu wazima. Mariya anakusalimu. Mgongo unamsumbua lakini bado anakwenda kutunza wazee, na nasikia wazee wenyewe wana migongo mizuri kuliko wa mke wangu. Watoto wanakua. Nikiwauliza jambo kwa Kirundi wananijibu kwa Kiingereza, nikiwauliza kwa Kiswahili wananijibu kwa mabega.

Naandika kwa sababu umekataa mambo mazito yasemwe kwenye simu. Unasema kwenye simu naitikia "ndiyo dada, ndiyo dada," kisha naenda kufanya nilichokusudia tangu mwanzo. Ni kweli. Basi haya, kwa mkono wangu.

Jambo la kwanza ni jema. Wazazi wa Yonasi, yule kijana wa Columbus anayemtaka mdogo wetu Aline, wamepanga kuja kuposa Jumamosi ya tarehe 23 Januari, kwenye ukumbi wa kanisa pale karibu na Morse Road. Baba hayupo, kaka zetu wakubwa hawapo, kwa hiyo mwanamume wa kusimama na kusema kwa niaba ya nyumba yetu ni mimi. Nimeanza kufanya mazoezi ya hotuba bafuni. Mpaka sasa nimefika kwenye salamu.

Jambo la pili pia ni jema, ukilisoma taratibu. Nimenunua pikipiki.

Usiweke barua chini. Ghala ninalofanyia kazi liko Cheektowaga, na kwa basi natakiwa kubadilisha na kusubiri kituoni mpaka masikio yanapoteza habari. Zamani Gaspari wa kanisani kwetu alikuwa ananipa lifti. Siku hizi hanipi. Sababu ni ndogo, haifai kuharibia wino. Pikipiki ni nyekundu, ya Kijapani, imezeeka lakini ina adabu. Mtihani wa leseni yake nilifaulu mara ya kwanza. Mtahini aliniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia Kasulu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, sijui aliandikaje.

Najua utauliza habari ya baridi. Dada, mtu aliyebeba kwa pikipiki magunia ya maharage na mama mjamzito juu yake, kutoka Kasulu mpaka kambini Mtabila, masika, kwenye ule utelezi mwekundu, atashindwa na barafu? Barafu ni matope meupe tu.

Wako mtiifu, kwa barua angalau,
Zenoni


Louisville, Kentucky
Jumapili, 1 Novemba 2015

Mdogo wangu Zenoni,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimesimama, na nilipofika kwenye pikipiki ndipo nikakaa. Hapa tu salama. Jirani wa juu amehama, amekuja mwingine mwenye mbwa. Fides, binti yangu, amemaliza mitihani na sasa ananifundisha Kiingereza wakati wa kula. Ananikatiza tonge mdomoni ili nirudie neno. Mimi naendelea na kazi ileile kiwandani, kufunga maboksi. Sijapandishwa cheo kwa sababu sijui kujisifu, na sijashushwa kwa sababu chini yangu hakuna kitu.

Habari ya Aline imenifurahisha sana. Nilikaa nikamkumbuka mama. Hilo tuliache.

Sasa pikipiki. Mimi sijui vyombo vya moto. Ngazi zinazotembea zenyewe pale dukani bado zinanisubirisha, nasimama naomba kimoyomoyo kabla ya kukanyaga. Kwa hiyo sikutaka kukukataza kwa ujinga wangu, nimeenda kuuliza. Mezani kwangu kazini yuko mzee mmoja wa hapahapa Kentucky, anaitwa Earl, ndevu zimemfika kifuani, ameendesha pikipiki tangu ujana. Kiingereza chake sikielewi na changu hakielewi, kwa hiyo tunaelewana vizuri. Nilimwambia nina mdogo wangu Buffalo ana pikipiki. Akacheka. Nikamwambia anataka kuiendesha majira ya baridi. Akaacha kucheka.

Anasema hivi. Theluji nyeupe siyo ya kuogopa sana maana unaiona. Ya kuogopa ni barafu nyembamba isiyo na rangi. Barabara inaonekana imelowa tu, kumbe imevaa kioo. Anasema madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu upepo wa baridi unapita chini yake pia. Anasema asubuhi, pale penye kivuli cha miti au cha nyumba, umande ulioganda unabaki hata jua likishatoka. Usikamate breki ya mbele kwa pupa. Usilaze pikipiki kwenye kona. Acha nafasi kubwa mbele yako, kisha iongeze. Na miguuni, juu ya soksi, uvae mifuko ya plastiki ya mkate. Hiyo ya mkate nilidhani ananitania, akanivulia kiatu palepale kunionyesha.

Kisha akasema yeye mwenyewe pikipiki yake huilaza Novemba na kuiamsha Machi. Nikamwuliza, na mtu asiyeweza kusubiri Machi? Akasema huyo bila shaka ana gari.

Ndilo swali langu, Zenoni. Kwa nini huna gari? Mwezi wa nne uliniambia unakwenda kufanya mtihani wa leseni ya gari. Sasa ni mwezi wa kumi na moja na umenyamaza.

Dada yako,
Margareta


Buffalo
Jumapili, 6 Desemba 2015

Dada mpendwa,

Shikamoo tena. Tu wazima, namshukuru Mungu. Mariya amebadilishiwa zamu. Mtoto wetu wa kati ameimba peke yake shuleni, na mimi nilikaa mbele nikapiga makofi kabla wimbo haujaisha, watoto wangu wakajifanya hawanijui. Theluji mwaka huu imechelewa. Watu wa Buffalo wanatembea barabarani wanatazama juu kama wanaodaiwa. Bado haijaanguka hata kidogo, ila asubuhi kuna umande ulioganda kwenye majani na kwenye viti vya vibarazani.

Mwambie mzee Earl nimevaa mifuko ya mkate. Inafaa sana. Tatizo ni kwamba nikitembea ghalani miguu inachakarika, wenzangu wanageuka kutafuta panya.

Mengine aliyosema nimeyapokea kwa heshima, lakini nikaona huyu mzee hakuwahi kuendesha Kasulu. Unakumbuka masika tulivyofanya? Tulikuwa tunazungushia kamba ya katani kwenye tairi la nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, fundo kwa fundo, na pikipiki inapanda mlima wa matope bila wasiwasi wakati malori yamelala. Basi Jumapili iliyopita asubuhi niliamka mapema, nikatoa kamba niliyonunua, nikaifunga tairi la nyuma jinsi tulivyofundishana. Mariya alisimama dirishani na kikombe chake. Nilidhani anavutiwa.

Ilishika vizuri mtaa mzima. Nakuambia ukweli, nilivimba kichwa. Nikapita penye kivuli cha zile nyumba ndefu za mbao, penye umande, ikashika. Nikakunja kuingia uwanja wa kanisa. Pale kamba ikalegea kidogo, ikaingia kwenye mnyororo, na tairi la nyuma likasimama kabisa. Mimi sikusimama. Niliendelea na safari kwa ubavu.

Lilikuwa jambo dogo. Nilishuka kwenye pikipiki haraka kuliko kawaida, basi. Watu wachache waliona. Suruali imeshonwa.

Kuhusu leseni ya gari, wakati wake utafika. Hotuba ya posa imeendelea, sasa nimefika kwenye kumtaja babu.

Mdogo wako,
Zenoni


Louisville
Jumapili, 20 Desemba 2015

Zenoni,

Marahaba. Mbwa wa juu analia usiku kucha, Fides ana mafua, mimi sina neno. Noeli njema kwenu wote. Mwambie Mariya nimempelekea kitenge, na ajue ni kwa ajili ya ile asubuhi ya dirishani.

Watu wachache waliona, umesema. Mimi niliona. Video ilikuja kwenye simu ya Fides siku ileile, kabla hata mboga haijaiva, imetumwa na mtu wa kwaya yenu kwa mtu wa kwaya yetu. Niliona mlango wa kanisa, niliona watu wanatoka, kisha nikaona ndugu yangu anakuja kwa ubavu mpaka miguuni pa mchungaji, anasimama pale chini, maana siwezi kusema alilala, anainua mkono na kumsalimu. Pikipiki ilikuja nyuma yako polepole, imeviringwa kamba, nikadhani ni mbuzi ametoroka.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nasema hivyo usinione mtakatifu. Halafu nilipomaliza kucheka niliangalia tena, na mara hiyo niliangalia kichwa chako kilivyopita karibu na ngazi ile ya mawe. Sijaangalia tena.

Columbus nao wameiona. Rutebuka, yule binamu wa baba anayekaa pale Northland, alinipigia. Anasema kwa Yonasi wameicheza sebuleni, na baba mkwe ameuliza kama yule wa kwenye kamba ndiye atakayewapokea. Rutebuka akasema kwa upole kwamba kama itakuwa vigumu wewe kufika, yeye yuko tayari kusimama badala yako. Anajua kusema, hilo huwezi kumnyima. Nilimjibu nitakuuliza. Sasa nakuuliza.

Mimi nakwenda Columbus mapema Januari kumsaidia Aline. Wewe njoo na Gaspari. Nimesikia familia yake inakuja kwa gari lao kubwa na nafasi ipo. Kama kuna maneno kati yenu, yamalizeni njiani, ni safari ndefu.

Dada yako,
Margareta


Buffalo
Jumapili, 3 Januari 2016

Dada Margareta,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Kitenge kimefika. Mariya amekivaa na hataki kunieleza kwa nini anatabasamu. Theluji hatimaye imeanguka, na watu wamefurahi, maana sasa wanajua wanalalamikia nini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara nyingine kwenye choo cha kazini. Umeuliza na nitajibu. Gaspari ndiye aliyekuwa ananifundisha gari. Mtihani nimeanguka, nikarudia nikaanguka, nikarudia tena mtahini akashuka kabla sijazima injini. Ni kurudi nyuma kunakonishinda. Mbele naenda vizuri, lakini wakiniambia nirudi nyuma niegeshe katikati ya magari mawili, mikono inakuwa ya mtu mwingine. Siku moja nilikuwa narudi nyuma nyumbani kwa Gaspari, nikaingia na gari lake kwenye kibaraza chake. Kile kibaraza cha mbao, nguzo ikaja chini, na mama mkwe wake alikuwa amekaa pale anachambua maharage. Hakuumia. Gaspari alikuja akasimama, akatazama nguzo, akanitazama mimi. Jumapili yake alilisimulia kanisani, kwenye kipindi cha shukrani, watu wakacheka mpaka mpiga kinanda. Tangu siku hiyo nasimama kituo cha basi na yeye ananipita. Kwa haki, husimama na kupiga honi. Mimi ndiye ninayetazama upande mwingine.

Sasa nikueleze jambo bila mzaha, kisha nitarudi kwenye mzaha. Dada, tumefika nchi hii nikiwa mtu mzima na kila kitu nimekianza upya. Kuongea nimeanza upya. Kununua maziwa, kufungua mlango, kumsalimu mwalimu wa watoto, yote najifunza mbele ya watu wanaoyajua tangu wakiwa na miaka mitatu. Watoto wangu wananisahihisha. Pikipiki ndicho kitu pekee nilichofika hapa nikiwa tayari nakijua. Nikiikalia, kwa muda ule mfupi, mimi siyo mwanafunzi wa mtu. Ndiyo maana ule mwereka wa kanisani umeniuma, na siyo ubavuni.

Kwa hiyo sitaki Rutebuka asimame. Yeye ni mzee mzuri, lakini hakulala nyumba moja na Aline. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni wakati wa kukimbia, na nikimkabidhi nataka nimkabidhi kwa mdomo wangu.

Nitakuja kwa pikipiki. Nataka wale waliocheza video sebuleni wanione nimeingia pale nimekaa wima. Nimejifunza kwa mzee Earl: kamba nimetupa, tairi nimebadilisha, breki nimekagua, madaraja nitayapita polepole bila kugusa kitu. Kama kuna theluji sitoki. Kama barabara ni kavu, nitatoka alfajiri.

Mdogo wako mwenye ubavu mmoja mzuri,
Zenoni


Columbus, Ohio
Alhamisi, 14 Januari 2016

Zenoni,

Marahaba. Niko kwa Aline tangu juzi. Tunapika na kuhesabu viti, na yeye anakonda kila nikimtazama. Barua yako nilikuja nayo mkobani, sikumwonyesha.

Sikujua habari ya kuanza upya. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Kuna basi kutoka Buffalo. Nakuomba upande hilo. Kama hutaki Gaspari usimtake, lakini panda basi. Utasema msemaji wa familia hawezi kushuka kwenye basi ameshika mfuko wa plastiki. Nitakuja kituoni mwenyewe nikushikie mfuko.

Kabla sijaondoka Louisville nilimuaga Earl. Nilimwambia bado unataka kuja. Alifikiri sana, akasema neno moja tu, na nililirudia mpaka Fides akanitafsiria sawasawa: kitu kigumu kuliko vyote kwenye pikipiki wakati wa barafu ni kuizima na kushuka. Anasema aliowazika wote walijua kuendesha.

Njoo na basi.

Margareta


Buffalo
Jumapili, 31 Januari 2016

Dada,

Shikamoo. Tulionana Columbus na hatukuongea. Ulinipa sahani, ukanirekebisha kola, ukaniambia "kaa pale," na kesho yake asubuhi nilipoamka nikaambiwa umeshapanda basi la Louisville. Nimemwuliza Aline kama umekasirika. Alisema hajui, lakini akaniambia jambo lingine ambalo nitalifikia. Kwanza nikueleze nilivyofika, maana wengine wote wameelezwa na Gaspari, na Gaspari anatia chumvi.

Nilitoka alfajiri ile ya Jumamosi. Kwenye televisheni walikuwa wanaonyesha dhoruba kubwa huko pwani ya mashariki, na Buffalo safari hii tuliachwa, barabara kavu, anga safi. Nilijiona nimependelewa. Nilivaa suruali tatu, magazeti kifuani, mifuko ya mkate miguuni, na suti yangu nimeifunga nyuma kwenye plastiki. Mariya aliniombea mlangoni. Aliomba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani alikuwa anangoja nibadilishe nia.

Nilienda vizuri, dada. Upande wa kulia, polepole, malori yananipita yananisukuma na upepo. Vidole vilianza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na nikafurahi vimezoea. Kumbe ndiyo mbaya zaidi. Karibu na mpaka wa Pennsylvania kuna daraja. Nililiona mbele linang'aa, na nikakumbuka maneno yote ya mzee Earl kwa pamoja. Sikugusa breki. Sikugusa kitu. Na bado gurudumu la mbele likaondoka chini yangu kwa kushoto, taratibu, bila kelele, kisha likarudi lenyewe. Sikufanya lolote la kulirudisha. Ujuzi wangu wote wa Kasulu ulikuwa umekaa pale nyuma na suti. Lilitaka kurudi, likarudi.

Upande wa pili wa daraja niliingia kituo cha mafuta cha kwanza, nikaizima, nikashuka. Mama anayeuza pale ndiye aliyenifungulia kofia ngumu, maana vidole vilikataa. Akaniwekea kahawa mbele, nikashindwa kushika kikombe, akaniletea mrija. Nilikunywa kahawa kwa mrija nikiitazama pikipiki dirishani, na nililia, dada, nikijifanya ni mvuke wa kahawa.

Kisha nikampigia Gaspari. Nilimwambia niko wapi. Hakucheka. Alisema, "Kaa hapohapo ndani," na simu yangu ikafa kwa baridi. Alikuwa bado hajatoka nyumbani. Alipofika alinifunika blanketi la mtoto, akaniweka katikati ya masufuria ya maharage, tukaondoka. Mpaka Cleveland hakusema neno. Tulipopita Cleveland akasema, "Kibaraza nimeshakitengeneza." Nikamwambia asante. Ndiyo mazungumzo yetu yote, na tangu hapo ananipeleka kazini kila siku.

Baada ya hapo kulikuwa na ajali mbele yetu barabarani, magari yakasimama muda mrefu. Muda wa posa ukafika tukiwa palepale. Namba yako haimo kichwani mwangu, ila mke wa Gaspari alikuwa na namba ya Rutebuka. Alitaka ampigie amwambie tuko njiani. Nilimkataza. Sikutaka Rutebuka asikie kwamba nimeokotwa kwenye kituo cha mafuta. Nilisema, tutafika tu.

Tulipoingia pale nikaona wakwe wote wamesimama nje kwenye uwanja wa magari, wazee kwa vijana, wanapiga miguu chini, baba mkwe amejifunga shali ya mkewe kichwani. Nilidhani ndiyo kwanza wamefika. Niliwapita nikiwa na blanketi lenye picha za bata, nikavaa suti chooni, nikaingia, nikasimama. Msemaji wao aliuliza kama ni kweli kwetu watu husafiri kwa ubavu. Nilimjibu ni kweli, na kwamba binti yetu tunamtoa kwa watu watakaomwendesha taratibu kwenye madaraja. Walicheka vizuri. Nilipomtaja baba sauti ilikatika, uliona. Hotuba niliyofanyia mazoezi tangu Oktoba sikukumbuka hata salamu.

Sasa lile la Aline. Anasema wale wakwe walifika kwa wakati. Anasema wewe ndiye uliyekataa wasiingie. Ulisimama mlangoni ukasema kwetu wageni wa posa hawaingii mpaka wenye nyumba wote wawe wameketi, na nyumba haijakamilika. Anasema Rutebuka alikuja kukuomba mara mbili na tai yake shingoni, na ulimrudisha. Baridi ile, dada. Mpaka leo nasikia baba mkwe anakohoa. Rutebuka angesimama tu, watu wakaingia, mambo yakaendelea, na mimi ningekuta wamefika kwenye soda. Ingeniuma, lakini nilistahili. Kwa nini uliwafanyia hivyo?

Mdogo wako,
Zenoni


Louisville
Jumapili, 14 Februari 2016

Zenoni,

Marahaba. Hapa tu salama. Mbwa wa juu amezoea na mimi nimezoea. Fides amekwenda kwenye mkutano wa vijana. Earl anakusalimu, nilimwambia uliizima ukashuka, akavua kofia yake kiwandani, kitu ambacho msimamizi hajawahi kukiona. Anasema hiyo pikipiki uliyoiacha Pennsylvania iombewe turubai na isiguswe mpaka masika yao.

Sikukasirika. Niliondoka mapema kwa sababu ningebaki ningekupiga mbele ya wakwe, kisha ningekukumbatia, na sikujua nitaanza na kipi.

Umeuliza. Ni kweli, desturi hiyo niliivuta kidogo. Nyumbani wageni walikuwa wakisubirishwa kwa heshima, muda wa kumaliza kupanga viti, chini ya jua. Sijui kama babu aliwahi kuwaza uwanja wa magari wa Morse Road mwezi wa kwanza. Mimi mwenyewe nilisimama nje pamoja nao, na imvutano yangu nyepesi, lile vazi letu la kujitanda la sherehe, bega wazi, nikitabasamu, meno yanagongana. Nilikuwa nazungumza mambo ya ajabu. Nilimsimulia mama mkwe maisha ya jirani yangu na viti vyake vyote. Nadhani wananiona mwanamke mgumu sana. Aline atalipia hilo miaka mingi.

Kuna kijana wao mmoja alikuwa anatazama simu. Akasema huko kaskazini barabara imefungwa, kuna ajali, wamesema mmoja wa waliogongwa alikuwa na pikipiki. Baadaye ilijulikana hapakuwa na pikipiki yoyote, alisoma vibaya. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Nilikupigia na simu yako ilikuwa imekufa. Nikapiga tena. Mariya alisema umetoka alfajiri.

Wakati ule ndipo Rutebuka alipokuja mara ya kwanza. Alisema kwa upole, kama anavyosema kila kitu, "Margareta, niache niseme mimi, watu wanaganda." Alikuwa na haki. Niliitazama ile tai yake na nikaona kwamba akisimama yeye mahali pako, kiti chako kitakaliwa, maneno yako yatasemwa, watu watakula, na mimi nitakuwa nimekubali. Siyo kwamba umechelewa. Nitakuwa nimekubali kwamba huji. Tulikuwa watoto saba kwa mama, Zenoni, na kila mara mmoja alipokosekana kulikuwa na mtu mzuri, mpole, aliyesimama mahali pake ili mambo yaendelee, na yaliendelea. Safari hii sikukubali. Ningewasimamisha wale watu pale mpaka Machi.

Siku nyingine ukichelewa, mpigie Rutebuka.

Dada yako,
Margareta